Nani analipia moto wa jikoni? Makala, umeme na wajibu wetu katika Kivu

Tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakuu wa inchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, Tanzania, kuzungumza juu ya umeme. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilileta mpango unaoitwa Mission 300, wenye lengo la kufikisha umeme kwa watu milioni 300 wa Afrika ifikapo mwaka 2030. Kongo yetu ilikuwa kati ya inchi 12 za kwanza zilizotoa ahadi yao kwa maandishi. Siku zile zile, mji wa Goma ulikuwa unaangukia mikononi mwa M23. Umeme ulikatika, maji yakakatika, na maelfu ya familia zikabaki na kile kilichokuwa ndani ya nyumba: kilo chache za unga, na makala ya siku moja au mbili chini ya gunia.

Mambo hayo mawili, ahadi ya Dar es Salaam na gunia lililobaki tupu Goma, hayakupangwa yatokee pamoja. Lakini yanatusaidia kuuliza swali ambalo makanisa yetu hayaliulizi mara nyingi. Tunaombea amani, tunaombea wagonjwa, tunaombea masomo ya watoto. Moto wa jikoni tunauona kama jambo la mama na mbabula yake. Historia inaonyesha kwamba ni jambo la serikali pia, na ni jambo la kanisa.

Umaskini usioandikwa popote

Tunaposema mtu ni maskini, tunafikiri juu ya chakula, nyumba, nguo, feza za shule. Wataalamu wa Uingereza ndio walioanza, katika miaka ya 1970, kusema kwamba kuna umaskini mwingine: wa familia isiyoweza kulipia moto unaohitajika nyumbani. Kule shida ilikuwa baridi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana tangu 1973, na wazee wengi walikaa katika nyumba zisizopashwa moto. Mwaka 1991 mtafiti Brenda Boardman alitoa kitabu kilichoeleza kipimo kimoja: familia inayohitaji kutumia zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake kwa moto na umeme ni maskini wa nishati. Mwaka 1997 serikali yao ikaanza kuwapa wazee feza maalumu kila majira ya baridi.

Kwetu baridi si shida kubwa, labda kwa ndugu zetu wa milimani. Shida yetu ni chungu. Maharagi yanataka saa mbili au tatu za moto, na sombe vilevile. Kama tungechukua kile kipimo cha asilimia 10 tukakipeleka katika kartie zetu, ni familia ngapi zingepita bila kuitwa maskini? Kila mama anayeshika hesabu ya nyumba anaweza kujibu bila mtafiti.

Katika Kongo nzima, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanapika kwa kuni au makala. Wenye umeme ni kama mtu mmoja kati ya watano, na vijijini ni wachache sana. Hata kati ya wale wenye umeme, wengi wanautumia kwa taa, simu na redio. Chungu kinabaki juu ya mbabula. Kwa hiyo mtu anaposema mtaa fulani "umepata umeme," hajasema bado kama jiko limebadilika.

Moto huu unalipwa kwa njia tatu. Kwanza kwa feza, na maskini ndiye anayelipa zaidi: mwenye mshahara hununua gunia zima, na asiye na mshahara hununua ndoo au mfuko mdogo kila siku, na ukijumlisha ile mifuko ya mwezi inapita bei ya gunia. Pili kwa afya. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wengi wao ni watoto wadogo, wanawake na wazee. Tena kuna makala yanayoachwa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa usiku, na familia haiamki. Tatu kwa muda na usalama wa mwili, na hapo tutarudi.

Nyaya zilizopita juu ya vijiji

Si kwamba mashariki ya Kongo haina nguvu za kuzalisha umeme. Mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu kwa nguvu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakoloni walijenga pale bwawa la Ruzizi I, karibu na Bukavu. Katika miaka ile ile walijenga Bendera, juu ya mto Kyimbi, kwa ajili ya mji wa sasa wa Kalemie. Lakini umeme ule ulitafuta viwanda, ofisi na nyumba za wazungu. Mitaa ya waafrika ilipata kidogo, na vijiji havikupata kitu. Wamisionari kadhaa waliweka mitambo midogo kwenye vijito kwa ajili ya hospitali na shule za misheni. Ilikuwa baraka, lakini mara nyingi taa ziliishia kwenye ua la misheni.

Mwaka 1970 serikali iliunda SNEL. Mwaka 1972 bwawa la Inga I lilianza kazi, na Inga II ikafuata mwaka 1982. Katika miaka ile ile ukajengwa waya mrefu wa kilometa zipatazo 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi, kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Shaba, yaani Katanga ya leo. Waya ule ulipita juu ya mamia ya vijiji bila kushuka hata mahali pamoja, kwa sababu haukutengenezwa kwa ajili yao. Deni lake lilibaki kwa inchi nzima, pamoja na wakaaji wa vijiji vile.

Kwetu Kivu, Ruzizi II ilianza kazi mwaka 1989 kwa ushirikiano wa Kongo, Rwanda na Burundi. Kisha vita vikaja, mitambo ikachakaa, watu wa Bukavu wakaongezeka mara nyingi, na megawati zikabaki karibu zile zile. Neno delestaji likaingia katika lugha yetu ya kila siku. Ruzizi III inazungumzwa tangu miaka mingi.

Hata hivyo, sheria zetu zinasema maneno mazuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya nyumba inayofaa, ya maji safi na ya umeme. Sheria ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kufungua mlango kwa makampuni mengine. Ilipanga pia mamlaka ya kusimamia bei na soko, ARE, na shirika la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Kwa hiyo leo mama wa Masisi au wa Shabunda ana haki ya umeme kwa Katiba. Anachokosa ni njia ya kuidai.

Makala yaliziba pengo, na vita vikaingia ndani ya gunia

Pale ambapo serikali haikufika, makala yalifika. Ni kazi inayolisha watu wengi: mkata miti, mchomaji, msukuma chukudu, dereva wa lori, mama anayeuza kwenye kona. Tusiwadharau. Wengi wao ni washiriki wetu, na sadaka ya Jumapili imetoka humo pia.

Lakini tujue gunia linatoka wapi. Kwa tanuri ya udongo ya kawaida, kilo moja ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Miti ya mashamba haikutosha, na msitu ulio karibu na Goma ni hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia ndani ya siku chache na kuwekwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kandokando ya hifadhi. Walipewa unga na maharagi, lakini chakula kile hakiliwi kibichi. Msitu ukakatwa haraka, na mwaka huo huo UNESCO ikaiweka Virunga kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hilo ni somo kubwa la siasa ya misaada: ukimpa mtu chakula bila moto, umempa nusu ya chakula, na nusu nyingine ataitafuta mahali.

Baadaye, makundi yenye silaha yaligundua kwamba makala ni feza. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi jinsi FDLR na wengine walivyopata mapato kutoka makala ya Virunga, kwa kuchoma, kutoza au kulinda. Kila kizuizi barabarani kinaongeza kitu juu ya bei, na anayelipa mwishoni ni mpishi wa Majengo au wa Ndosho. Kwa hiyo bei ya chungu cha maharagi ina sehemu ndogo ya bei ya risasi.

Na kuna ile bei ya tatu. Katika mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walitoa kilio kutoka kambi za wahamishwa kando ya Goma. Wanawake wengi waliokuja kutibiwa baada ya kubakwa walikuwa wameshambuliwa walipotoka kambini kutafuta kuni au chakula. Familia nyingi ziliona kwamba zikimtuma baba atauawa, na zikimtuma mama atabakwa, na zilichagua kati ya mabaya hayo. Uchaguzi wa namna hii haupaswi kuachiwa familia.

Feza za umma zinasaidia moto wa nani?

Mtu atasema: serikali yetu ni maskini, haiwezi kulipia moto wa watu. Tuangalie vizuri. Kwa miaka mingi serikali imebeba sehemu ya bei ya mafuta ya magari na kuyalipa makampuni ya mafuta hasara yao, ili bei ya pampu isipande sana. Feza hizo ni mamia ya mamilioni ya dola. Kuna sababu yake, kwa maana bei ya mafuta ikipanda, usafiri na chakula vinapanda pia. Lakini mwenye gari kubwa anapata msaada mkubwa, na mwenye mbabula hapati hata franka moja. Bei ya SNEL nayo imekuwa ikiwekwa chini, na hapo anayefaidika ni yule ambaye tayari ana waya nyumbani.

Na ulinzi wa jamii? INSS iliundwa mwaka 1961, na leo inaitwa CNSS. Inahudumia hasa wenye mishahara iliyoandikishwa, na hao ni wachache kati yetu. Mjane wa kijijini, kijana msukuma chukudu na mama muuza ndizi hawamo. Kwao ulinzi wa jamii ni ukoo, likelemba, AVEC na kanisa.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Tunajua shida zake: madarasa yaliyojaa kupita kiasi, walimu ambao mshahara wao ulichelewa. Lakini mamilioni ya watoto waliingia shuleni. Hivyo tumejifunza mambo mawili. Serikali ikitaka, inaweza kufanya uamuzi mkubwa kwa ajili ya maskini. Na uamuzi usiotayarishiwa feza unawatwisha mzigo wale wa chini.

Jirani walifanya nini

Tanzania iliunda wakala wa umeme vijijini kwa sheria ya mwaka 2005. Jambo lililosaidia sana ni bei ya kuunganishwa: kwa wakaaji wa vijijini iliwekwa shilingi 27,000 tu, kama dola 11. Tena, nyumba inayotumia umeme kidogo inalipa bei ndogo kwa kila yuniti. Hata hivyo waliona kwamba nguzo za umeme hazikuondoa mkaa jikoni. Mwaka 2024 wakatoa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya watu ifikapo 2034.

Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2003, inawapa maskini yuniti 50 za umeme kila mwezi bila malipo. Zinatosha taa, redio na kupika kidogo. Shida yao imekuwa orodha: wengi wanaostahili hawamo.

India, mwaka 2016, ilianza kuwapa wanawake wa familia maskini jiko na chupa ya gazi, kwa jina la mama mwenyewe. Ndani ya miaka mitatu na nusu walifikia familia milioni 80. Lakini wengi walipomaliza chupa ya kwanza walishindwa kununua ya pili, wakarudi kwenye kuni.

Mafundisho ni wazi. Mlango wa kwanza ni bei ya kuingia. Mlango wa pili ni bei ya kila mwezi. Ukifungua mmoja na kuacha mwingine umefungwa, maskini anabaki nje.

Kwetu pia kuna dalili njema. Tangu mwisho wa mwaka 2015, bwawa la Matebe, Rutshuru, linatoa megawati zipatazo 13 kupitia kampuni iliyoanzishwa na hifadhi ya Virunga, na sehemu ya Goma inapata umeme huo. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 Goma. Vinu vya unga, mafundi wa kulehemu na vituo vya afya vimefaidika. Lakini kampuni haziwezi kuchukua nafasi ya siasa ya jamii. Zinapaswa kurudisha feza zao. Anayeishi katika nyumba ya mbao ya kupanga, asiye na feza za mita, anautazama waya ukipita. Rwanda, ng'ambo ya ziwa, ilianza mwaka 2016 kutoa megawati 26 kwa gazi ya Ziwa Kivu. Ziwa ni letu sote, lakini upande wetu gazi hiyo haijawasha jiko la mtu.

Juni 2025, Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kwanza kwa mpango wa Inga 3. Wakristo wa mashariki wana haki ya kuuliza mapema: waya wa safari hii utashuka wapi?

Mjane aliyeokota kuni

Biblia inaujua umaskini huu. Eliya alipofika lango la Sarepta, mjane yule hakuwa anaomba unga. Alikuwa anaokota vijiti vya kupikia chakula alichofikiri ni cha mwisho. Tunahubiri sana juu ya unga na mafuta. Vijiti tunavipita haraka. Kitabu cha Maombolezo, sura ya 5, kinapoeleza aibu ya watu walioshindwa vitani, kinataja kuni ambazo sasa wanazinunua kwa feza, na vijana wanaoanguka chini ya mizigo ya kuni. Msemaji anaeleza Yerusalemu, lakini mtu wa Kanyaruchinya anaelewa kila neno. Na sheria ya Walawi 19 haikumwachia maskini bahati ya kukutana na tajiri mwenye huruma: iliamuru pembe za shamba ziachwe kwa ajili yake. Ilikuwa haki iliyoandikwa, iliyomfuata mwenye shamba kila mavuno.

Basi kanisa lifanye nini? Kwanza lijiangalie lenyewe. Matofali ya mahekalu yetu mengi yamechomwa kwa kuni. Ni halmashauri ngapi ziliuliza kuni zile zilitoka wapi? Shule na hospitali zetu zinapika kila siku. Tuna viwanja vya misheni vilivyo wazi: grevillea na miti mingine inayokua haraka inaweza kupandwa humo, ivunwe kwa utaratibu, na sehemu iwekwe kwa ajili ya wajane.

Pili, diakonia ihesabu moto. Tunapompelekea mhamishwa unga, tumpelekee na kitu cha kuupikia. Wamama wa AVEC wanaweza kununua mbabula bora kwa zamu, kama wanavyonunua mabati, au kuungana kununua magunia na kugawana kwa bei ya gunia. Mafundisho madogo yanasaidia pia: kuloweka maharagi usiku, kufunika chungu, kufungua dirisha, kutolala na makala yanayowaka.

Tatu, tuseme na wenye mamlaka, wawe nani mahali tulipo, kwa heshima na bila woga. Tuombe bei ya kuunganishwa ilipwe kidogo kidogo. Tuombe yuniti za kwanza za mwezi ziwe na bei nafuu kwa nyumba ndogo. Tuombe kodi za barabarani juu ya makala zitajwe wazi, na zile zisizo na karatasi ziondolewe. Na kwa Kinshasa tuulize: kama kuna feza za kupunguza bei ya mafuta ya gari, sehemu ya jiko la maskini iko wapi?

Lakini tusianze kwa kumlaumu mama muuza makala au kijana aliyekata mti. Kumfukuza bila kumpa njia nyingine ni kumwondolea chakula na kuuacha msitu ukikatwa na mwenye silaha.

Ya kuzungumzia katika vikundi vya wamama, vijana na wazee wa kanisa

1. Kwa mwezi mmoja, andikeni kila franka inayotumika kwa makala, kuni, mishumaa na kuchaji simu. Ni sehemu gani ya mapato ya nyumba?
2. Katika parokia yetu, nani anatembea mbali zaidi kutafuta kuni, na anapita njia gani?
3. Kiwanja gani cha kanisa kingeweza kupandwa miti kabla ya mvua ijayo, na nani atailinda?
4. Ni ofisi gani mahali petu inayoweza kupokea barua yetu juu ya bei ya umeme, na nani ataipeleka?